Mashine mpya ya ECG haijampunguzia nesi kazi, imemuongezea uzito

Siku hizi zimekuja mashine za ECG ambazo zikishamaliza kuchora mapigo ya moyo zinakupa na jibu palepale, akili mnemba imeshasoma mchoro na inakuambia huyu mshipa wa moyo umeziba au haujaziba, na kila habari zake zikitoka nasikia maneno yale yale, kwamba sasa nesi kabaki na kazi ya kubandika waya na kubonyeza kitufe. Wengine wanalisema kwa furaha, wengine, hasa manesi wenyewe, wanalisema kwa unyonge. Mi naona wote wamelishika jambo hili kinyume. Mashine inayosoma ECG vizuri haimtoi nesi kwenye dharura ya mshtuko wa moyo, inamsogeza katikati zaidi, manake kipande inachokiharakisha ni kifupi sana, zile dakika kati ya karatasi kutoka na mtu kuielewa, wakati muda mwingi unaopotea unapotea kabla ya karatasi na baada ya karatasi, na kote huko anayekuwa amesimama na mgonjwa ni nesi. Hospitali ikinunua mashine hiyo alafu ikamuacha nesi na mamlaka yale yale ya kusubiri daktari aje aseme ndiyo, itakuwa imepata jibu la haraka ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulifanyia kazi.

Tuanze na mwili kwanza ili tuelewane. Mshtuko wa moyo kwa sehemu kubwa ni mshipa unaoupelekea moyo wenyewe damu kuzibwa na damu iliyoganda, kwa kawaida pale ambapo utando wa mafuta ndani ya mshipa umepasuka, na tangu dakika hiyo misuli iliyokuwa inalishwa na mshipa ule inaanza kufa, na ikishafa haioti tena. Ndo maana miongozo ya matibabu imejaa saa. ECG ifanyike na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kama kuna chumba cha kuzibua mishipa kwa waya na puto, mshipa uwe umefunguliwa ndani ya dakika 90 hivi, au 120 kama mgonjwa inabidi ahamishwe hospitali, na kama hilo haliwezekani apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya dakika 30 tangu afike, na miongozo ya Ulaya inabana zaidi, inataka dawa iingie ndani ya dakika 10 tangu ugonjwa utambuliwe. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu wapatao milioni 17.9, na 85% ya vifo hivyo vilitokana na mshtuko wa moyo na kiharusi. Sasa zile dakika 10 za kwanza, jiulize ni za nani. Daktari mara nyingi hata hajajua kwamba mgonjwa kafika.

Dakika hizo ni za nesi aliyeko mlangoni, yule anayepanga nani aonwe kwanza. Na kazi yake pale ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, manake mgonjwa wa mshtuko wa moyo haji kila mara ameshika kifua na kuanguka kama tunavyoona kwenye filamu. Anakuja mama analalamika kichefuchefu na kuchoka ambako hawezi kukuelezea. Anakuja mzee mwenye kisukari hana maumivu kabisa, mishipa yake ya fahamu imeshaharibika, yeye anasema tu pumzi inakata. Anakuja mtu anashika taya anadhani ni jino, mwingine anasema ni kiungulia na keshakunywa dawa za vidonda vya tumbo siku mbili. Wote hawa wamekaa kwenye foleni na mtoto mwenye homa na kijana aliyeteguka mguu. Mashine ya akili mnemba iko kwenye toroli kule ndani, haioni foleni. Itamsoma yule tu aliyeletwa mbele yake, na anayeamua nani aletwe ni nesi, kwa macho, kwa mkono anaoushika ukakuta una jasho la baridi, kwa swali moja la nyongeza ambalo hakuna aliyemlazimisha kuliuliza. Ukitaka kujua hospitali inapoteza wagonjwa wa moyo wapi, usianze na chumba cha ECG, anza na benchi la kusubiria.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa hao wa benchini. Alikuja na maumivu ya mgongo juu kati ya mabega na kutapika mara moja, akajieleza mwenyewe kwamba kalala vibaya, na nesi aliyekuwa anapita tu kuelekea kwingine akarudi hatua mbili akamwangalia, akamuuliza jasho hili limeanza lini mama, alafu akamlaza bila kumaliza fomu. ECG ya kwanza ilitoka haina kitu. Yule nesi hakuridhika, akairudia baada ya dakika ishirini, na ya pili ndo ilikuwa na mabadiliko. Sisemi haya ili tumpambe mtu, nayasema kwa sababu ya ile karatasi ya kwanza. Mashine nzuri kuliko zote ingeweza kuisoma ile karatasi kwa usahihi kabisa na jibu lake sahihi likawa ni hakuna kitu, manake kwenye karatasi hakukuwa na kitu, kitu kilikuwa kwa mgonjwa. Miongozo yenyewe inasema ECG ya kwanza ikiwa safi na dalili zinaendelea irudiwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 kwenye saa ya mwanzo, lakini mwongozo hauwezi kumwangalia mtu usoni ukajua dalili zinaendelea.

Alafu kuna kuichora yenyewe, jambo ambalo watu wanaliita kubandika waya kana kwamba ni kubandika stempu. V1 na V2, vibandiko viwili vya kwanza vya kifuani, zinatakiwa kukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari, na ukizipandisha juu kidogo, kosa ambalo ni la kawaida sana, mchoro unaweza kuonyesha kama mgonjwa ana kovu la mshtuko wa zamani ambalo hana. Ukibadilisha waya wa mkono wa kulia na wa kushoto, mstari wa kwanza kwenye karatasi, unaoitwa lead I, unageuka chini juu. Mgonjwa akiwa na jasho vibandiko havishiki, inabidi umfute akauke, mwenye nywele kifuani umnyoe, anayetetemeka umfunike na umtulize kwanza. Kwa mwanamke kuna wanaoona aibu kumfunua vizuri wakaishia kubandika pasipostahili, na hapo aibu ya sekunde mbili inazaa mchoro wa uongo. Na kama mshtuko unaonekana uko upande wa chini wa moyo, nesi anayejua anahamisha kibandiko kwenda kifua cha kulia kuangalia kama upande wa kulia nao umeguswa, na akishuku upande wa nyuma anazungusha vibandiko hadi mgongoni, V7 mpaka V9. Akili mnemba haiwezi kuomba mchoro wa mgongoni kutoka kwa mtu asiyejua kwamba upo. Inasoma ilicholishwa.

Na baada ya jibu kutoka? Hapo ndo mikono inapoanza kazi kwelikweli. Aspirini ya kutafuna, miligramu 300 hivi, isipokuwa kama mgonjwa ana mzio nayo au anavuja damu. Watu wanaidharau aspirini kwa sababu ni ya bei ndogo, lakini utafiti wa ISIS-2 uliotoka 1988, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha aspirini peke yake inapunguza vifo vya wiki tano za kwanza kwa 23%, streptokinesi, ambayo ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa 25%, na zikiwekwa pamoja 42%. Kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, inaingia, na nesi mzoefu anauepuka mkono wa kulia karibu na kifundo cha mkono kwa sababu anajua huko ndiko waya wa kuzibulia utakakopita mara nyingi. Damu ya kupima troponini, protini inayoonyesha misuli ya moyo imeumia, inachukuliwa lakini haisubiriwi kama mchoro umeshasema. Mgonjwa anawekwa kwenye monita, mashine ya kushtua moyo inasogezwa karibu si kuachwa kwenye kona, manake moyo unaweza kuingia kwenye mtetemeko, ukatetemeka tu bila kusukuma damu, wakati wowote na kila dakika inayopita bila kushtuliwa na bila kukandamizwa kifua inakula 7 hadi 10% ya nafasi ya mtu kupona. Na hizo nitrati, dawa za kutanua mishipa zinazowekwa chini ya ulimi, kabla hazijawekwa nesi anapima presha, namba ya juu ikiwa chini ya 90 hapana, upande wa kulia wa moyo ukiwa umeguswa hapana, na anamuuliza mgonjwa, mbele ya ndugu au baada ya kuwaomba watoke kidogo, kama ametumia dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48. Swali hilo moja limeokoa watu, na linataka mtu anayejua kuuliza bila kumwaibisha mtu mzima.

Kuna pia mambo ambayo nesi anasaidia kwa kuyakataa. Ndugu wakiona mtu wao hana oksijeni puani wanadhani katelekezwa, wakati utafiti wa DETO2X uliofanyika Sweden na kutoka 2017, wagonjwa 6,629, haukuona faida yoyote ya kumpa oksijeni mtu ambaye kiwango chake kwenye damu kiko 90% au zaidi. Hivyo hivyo sindano ya maumivu ya kuchoma kwenye msuli, diklofenaki na ndugu zake. Kumchoma mtu anayeshukiwa mshtuko wa moyo ni kosa mara mbili, dawa za kundi hilo ukiacha aspirini hazifai kwa moyo huo, na ukija kumpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale ulipochoma panaweza kuvuja na kuvimba. Na dawa hiyo yenyewe ikianza, kama ni streptokinesi ya dripu kwa nusu saa hadi saa nzima, presha inaweza kuanguka katikati, na anayeona inaanguka ni yule aliyekaa pembeni ya kitanda. Kabla yake kuna orodha ya kuuliza, umewahi kuvuja damu kwenye ubongo, umepata kiharusi karibuni, umefanyiwa upasuaji, umewahi kupewa hii hii streptokinesi, manake mwili unatunza kumbukumbu yake na haifai kurudiwa.

Sasa nirudi kwenye hoja. Tumeshawahi kupita hapa, na ndo maana nashangaa tunavyosahau. Mwaka 1961 daktari Desmond Julian kutoka Edinburgh alipendekeza wagonjwa wa mshtuko wa moyo wawekwe sehemu moja, wafungwe monita zenye kengele, wawe na watu waliofunzwa. Wakati huo mgonjwa akifika hospitali na mshtuko wa moyo, karibu 3 kati ya 10 walikuwa wanafia humo humo, wengi kwa moyo kuingia kwenye mtetemeko wakati hakuna mtu anayeangalia. Kukandamiza kifua kutokea nje kulikuwa kumeshaelezwa 1960, kushtua moyo bila kupasua kifua kulishakuwepo tangu 1956. Teknolojia yote ilikuwepo. Daktari Hughes Day kule Kansas City, Marekani, alianza na toroli ya dharura inayokimbizwa wodini, akaona haifiki kwa wakati, ndo 1962 akafungua kitengo maalumu chenye manesi waliofunzwa. Na Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer akishirikiana na nesi Rose Pinneo walijenga kitengo chao juu ya wazo moja ambalo wakati ule lilionekana la ajabu, kwamba nesi asome monita mwenyewe, aamue mwenyewe na ashtue moyo mwenyewe kabla daktari hajafika. Vitengo vya namna hii vilipoenea vifo vya hospitalini vikashuka kwa karibu nusu. Monita ilikuwa inaonyesha tu. Kilichobadilisha hesabu ni kwamba anayeiona ndiye huyo huyo aliyeruhusiwa kufanya.

Wanaoshangilia mashine wana hoja, na sitaki kuipita haraka. ECG ni ngumu kusoma. Madaktari wawili wanaweza kuangalia mchoro mmoja wakatofautiana, saa tisa usiku aliyechoka anapitwa na kitu ambacho asubuhi angekiona, na kuna mishipa iliyoziba kabisa ambayo mchoro wake haupandi ule mpando wa wazi tuliozoea kuutafuta, na hapo ndo mifumo hii mipya imeanza kuonyesha uwezo. Pia kuna vituo ambavyo bingwa wa moyo hayupo kabisa, na mashine inayosema huyu mpeleke sasa hivi ni msaada mkubwa. Nakubali yote hayo, na ningetaka kila chumba cha dharura kiwe nayo. Hoja dhaifu ni ile inayofuatia, kwamba kwa kuwa mashine haichoki basi haikosei, kwa hiyo aliye pembeni yake hahitaji kujua sana. Kompyuta zinasoma ECG tangu miaka ya 1960, si jambo geni, na kosa lake moja halitokani na uchovu, linatokana na kusoma vizuri mchoro mbaya. Mashine isiyochoka ikipewa waya zilizobadilishana itakosea bila kuchoka, usiku kucha, kwa kila mgonjwa. Anayeweza kuiambia hapana, hii haifanani na mtu ninayemuona, lazima awe anajua ECG. Kwa hiyo ukiwa na mashine nzuri unahitaji nesi anayeijua ECG zaidi ya zamani, hasa kwa sababu watu wataiamini.

Upande wa pili wapo wanaoogopa kumpa nesi mamlaka, na baadhi ya hofu zao ni za kweli. Maumivu ya kifua si mshtuko wa moyo peke yake. Kuna aorta, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, iliyochanika ukuta wake, na huyo ukimpa dawa ya kuyeyusha damu unaweza kumuua. Kuna timu ya kuzibua mishipa inayoamshwa usiku, inafika, inakuta si chochote, na ikitokea mara nyingi watu wanaanza kuja taratibu. Lakini angalia hofu hizi zinadai nini hasa. Hazidai nesi asubiri, zinadai kuwe na utaratibu ulioandikwa. Kwamba kwa dalili hizi nesi afanye ECG bila kuomba ruhusa, kwa masharti haya atoe aspirini, kwa mchoro huu apige simu moja tu na simu hiyo itoshe, na kabla ya dawa ya kuyeyusha damu apime presha mikono yote miwili na kuuliza kama maumivu yalikuja ghafla kama kitu kimepasuka kwenda mgongoni, alafu uamuzi wa dawa hiyo uwe wa daktari au wa mwongozo ambao daktari ameusaini. Daktari haondolewi hapo. Anachoondolewa ni ile nafasi ya kuwa mlango ambao kila kitu kinasimama nje kikimsubiri aufungue. Na kengele ya uongo ya mara moja moja ni gharama, sawa, ila unailinganisha na nini? Na mtu aliyelala benchini misuli yake ya moyo inakufa huku kila mtu anasubiri kuwa na uhakika.

Hofu ya tatu ni ya manesi wenyewe na ndo inayonigusa zaidi. Wanasema tutaongezewa majukumu, mambo yakiharibika tutasimama peke yetu. Wana haki. Nesi mmoja mwenye wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwaangalia hawezi kurudia ECG baada ya dakika ishirini hata kama anajua anatakiwa, na monita ikipiga kelele siku nzima kwa vitu visivyo na maana sikio linazoea, kengele ya kweli inapita. Kumpa mtu mamlaka ya kuamua bila kumpa muda wa kuangalia, mafunzo yanayorudiwa, na karatasi iliyosainiwa inayomlinda akifuata utaratibu, huko ni kumtupia mzigo. Mimi siungi mkono mamlaka ya namna hiyo na sidhani kuna nesi anayeyataka.

Kwa hiyo mashine hizi zinapoingia, kitu cha kuangalia si asilimia zake za usahihi peke yake. Angalia nani ameruhusiwa kumlaza mgonjwa na kumchora bila kuuliza. Angalia kama manesi wa mlangoni wamefunzwa dalili za wanawake na wenye kisukari au wamefunzwa tu kubonyeza. Angalia kama muda unahesabiwa tangu mgonjwa alipokanyaga mlangoni, au tangu karatasi ilipotoka, manake ukihesabu tangu karatasi namba zitapendeza na yule wa benchini hatahesabiwa kabisa. Na angalia kitu kinachotokea saa tisa usiku pale mashine inapoandika mshipa umeziba, nesi anainua simu, na upande wa pili mtu anauliza, daktari yuko wapi aniambie mwenyewe. Kwenye hospitali ambayo swali hilo bado linaulizwa, mgonjwa bado anasubiri.